Kazi ya Mikono Minne

Kulthum binti Sufyan hakupenda kuitwa msaidizi, na mimi sioni kwa nini apende. Miaka kumi na mmoja alikuwa akilisha wasichana mia nne wa shule moja ya bweni huko Kisauni. Katika miaka hiyo aliona wapishi wakuu watatu wakija na kuondoka, kila mmoja na karatasi yake ya ufundi ndani ya bahasha ya kaki, na kila mmoja ilibidi aonyeshwe na yeye Kulthum wali wa watu mia nne hutiwa maji kiasi gani. Wa mwisho, kijana aitwaye Munga, alikuwa na adabu zake, na alisema waziwazi kwamba bila Bi Kulthum angeaibika siku ya kwanza. Lakini adabu haifuti jina lililobandikwa kwenye mlango wa jikoni. Mpishi mkuu ni Munga, Kulthum ni msaidizi.

Munga alipopata kazi melini, mwalimu mkuu, Bi Hanan, alimwita Kulthum ofisini na kumweleza mambo bila kuzunguka. Nafasi ni yake akileta karatasi kabla ya mwaka kwisha. Asipoileta, ataajiriwa mwingine mwenye karatasi, na yeye atabaki palepale alipo.

"Mimi nakujua, Bi Kulthum," akasema. "Lakini bodi haitazami mkono. Bodi hutazama karatasi."

Karatasi yenyewe Kulthum alikuwa ameshaifuata mara moja, mwaka uliotangulia, akarudi mikono mitupu. Mtihani ulifanyiwa kwenye chuo kimoja huko Changamwe. Mtahiniwa hupewa vyakula vitatu, akaandika kwa Kiingereza mpango wa namna atakavyovipika kwa muda wa saa tatu, na mpango ukikubaliwa ndipo huruhusiwa kuwasha moto. Kiingereza cha Kulthum kilikuwa cha darasa la nane, nacho kilikuwa kimekaa miaka thelathini bila kutumiwa. Akaandika kama alivyofundishwa utotoni: kwanza nitakuna nazi, kisha nitapika wali, baada ya hapo nitaosha samaki, na kadhalika hadi chini ya ukurasa. Mtahini wa mwaka ule alijumlisha dakika zake akapata saa tano na dakika arobaini. Alimwambia hakuna mtu anayengoja chakula cha mchana mpaka Magharibi, akafunga faili. Hata kiberiti Kulthum hakukiwasha.

Ilimuuma kwa sababu haikuwa kweli. Maishani mwake hajapata kupika hivyo, wala simjui mwanamke wa pwani anayepika hivyo. Ni nani huyo aketiye kuutazama wali ukichemka, mikono kaipakata? Jikoni kwa Kulthum kila kitu huenda pamoja, maharagwe yanatokota, kitunguu kinageuka rangi, nazi inakunwa, na mwenyewe yuko katikati anajua kila sufuria imefika wapi. Yule bwana angemwona kazini asingethubutu kujumlisha. Lakini alichoona ni Kiingereza chake tu, na Kiingereza chake kilikuwa cha mtu mwenye mkono mmoja.

Basi Kulthum akaazimia kukitafutia mkono wa pili. Mtaani kwao Magogoni, nyumba ya tatu kutoka kwake, alikuwa amepanga Mwalimu Gershom, Mtaita mstaafu aliyefundisha Kiingereza zaidi ya miaka thelathini. Kila siku baada ya Alasiri Kulthum alikwenda barazani kwake na daftari kwenye kwapa na bakuli lililofunikwa mkononi, kwa kuwa mwalimu alikuwa mjane, na mapishi yake, kwa kauli yake mwenyewe, yalikuwa ni chai.

Mwalimu Gershom alielewa shida haraka. Akasema Kiingereza kina maneno ya kuunganisha mambo mawili yatokeayo wakati mmoja, na kwamba mtu akiyashika hayo, dakika zake hazitajumlishwa tena. Akaleta ubao wake mdogo na mifano yake ya zamani. Wakati John alipokuwa amelala, mwizi aliingia. John alipokuwa akilala, mvua ilikuwa ikinyesha. Kulthum alinakili kwa subira siku ya kwanza na ya pili.

"Mwalimu," akasema siku ya tatu, "huyu John kila siku alala, na kila siku mwizi aingia. Kwani hana mke wa kumwamsha?"

Gershom akavua miwani. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza habari za John.

"Basi nipe mfano wako wewe," akasema.

Hapo ndipo masomo yalipoanza kweli. Neno "while" Kulthum alilielewa mara moja, hizo ni sufuria mbili motoni, zote za muda mrefu, na hakuna inayomngoja mwenziwe. Neno "when" ni mafuta yaliyokuwa yakichemka taratibu na kitunguu kikaingia kwa ghafla. Neno "as" ni tui na mwiko: mkono mmoja wamimina, mwingine wakoroga, na ukisimamisha mmoja umeharibu vyote viwili. Neno "during" lilimpa taabu. Mwalimu alisema halikubali sentensi nzima nyuma yake, lataka jina tu, kama vile mchana, au sala, au harusi. Kulthum akasema neno hilo lina maringo, akaliacha kando.

Kisha wakafika kwenye "meanwhile." Gershom alieleza kwamba hili huanza sentensi yake lenyewe, na mara nyingi humchukua msomaji likampeleka mahali pengine, kwa mtu mwingine, ambaye naye wakati uleule ana shughuli yake.

"Mtu mwingine," Kulthum akarudia. "Basi hili ni neno la Mwanatatu."

Mwanatatu alikuwa mwanamke wa Likoni aliyeolewa Kisauni, na kabla ya wote wawili kuajiriwa jikoni mwa shule, yeye na Kulthum walipika harusi miaka mingi. Sufuria kubwa za harusi hazipikwi na mwanamke mmoja, jambo hilo halina mjadala. Kila fundi ana mwenzake. Mmoja akikuna nazi mwingine achuja tui, mmoja akishika samaki wa kupaka mwingine yuko kwenye kaimati, na hawasemezani. Ukiinua kichwa kutazama kazi ya mwenzako waikuta imekwisha. Hawa wawili waligombana kwa mambo yote mengine ya dunia, kuanzia bei ya khanga mpaka malezi ya watoto, lakini jikoni sijasikia kwamba waliwahi kugongana viwiko.

Kwa miezi miwili, basi, Kulthum aliandika mipango. Wakati mimi ninachoma samaki, mchele unakauka. Huku nyuma, Mwanatatu anakaanga kaimati. Gershom alitia vyema kwa wino mwekundu kila ukurasa, kwa kuwa alichokitazama ni Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa sawa. Jikoni hakukujua. Na Kulthum hakuona kosa lolote, kwa sababu kwake yeye jiko lenye mwanamke mmoja si jiko, ni adhabu.

Siku ya mtihani Mwanatatu alimsindikiza mpaka Changamwe, amembebea mbuzi ya kukunia nazi, maana Kulthum haziamini mbuzi za watu. Langoni askari alisema anaingia mtahiniwa peke yake. Mwanatatu akajiwekea nafasi kwenye benchi la wageni.

"Nenda, shoga," akasema. "Miye niko hapa. Na usinitajetaje huko ndani, ntapaliwa bure."

Vyakula vilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na kaimati, kwa watu kumi. Kulthum nusura acheke. Aliandika mpango kwa dakika arobaini, kurasa mbili safi, na kila "while" na kila "when" ikakaa mahali pake. Mtahini safari hii alikuwa mwanamke, Bi Kaviha, mtu wa maneno machache. Alisoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye wa pili akasita.

"Mwanatatu ni nani?"

"Ni mwenzangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko langoni. Kanisindikiza."

Bi Kaviha akamtazama, na wallahi nadhani alimwonea huruma. "Mama, mtihani huu ni wa mtu mmoja."

Kulthum alichukua kurasa zake akahesabu, jina la Mwanatatu lilikuwamo mara saba. Zilibaki dakika kumi na tano za kuandika. Angeweza kuandika upya, kila jambo limngoje mwenzake, na dakika zingerundikana kama mwaka jana, na faili ingefungwa kama mwaka jana. Au angeweza kufanya lile alilolifanya. Alichukua rula, akalikata jina la Mwanatatu, moja, mbili, mpaka la saba, na juu ya kila moja akaandika "I", yaani mimi. Mkono ulikuwa mzito. Alijiambia kwamba ni wino tu, na kwamba mwenyewe hatajua.

"Una hakika?" Bi Kaviha akauliza. "Hapa umejiandikia kukaanga kaimati na kupaka samaki kwa wakati mmoja."

"Nina hakika sirudi nyumbani kama mwaka jana," Kulthum akasema, na akaenda kuwasha makaa.

Mwanzo haukuwa mbaya. Alikuna nazi makaa yakishika, akachuja tui mchele ukiroweka, na unga wa kaimati aliuumua mapema ukawekwa penye joto. Hayo hata peke yake aliyaweza. Shida ilikuja saa ya tatu. Kaimati haimwachi mtu. Unga hutekwa kwa vidole, donge baada ya donge, na zikishaingia kwenye mafuta lazima zizungushwe bila kupumzika, la sivyo upande mmoja hubaki mweupe. Samaki wa kupaka naye ndivyo alivyo, hupakwa tui lake la ukwaju kidogo kidogo, akageuzwa, akapakwa tena, na ukimpa kisogo ameungua. Ni kazi ya mikono minne, na Kulthum alizaliwa na miwili.

Akalivuta jiko la makaa mpaka kushoto kwake, karai la mafuta likawa kulia, akasimama katikati. Mkono wa kushoto, kwa malezi aliyolelewa, haukuwa na ruhusa ya kukaribia chakula cha watu. Aliyaomba radhi mafundisho ya mamake marehemu, akaupa brashi. Mwanzoni mkono huo ulikuwa mjinga kabisa, ukapaka wavu wa jiko, ukapaka na meza, ukapaka hata mkono wa gauni lake. Kulthum akaukemea kwa sauti kama anavyowakemea wasichana wapya wa zamu. Kidogo kidogo ukashika adabu. Kwa dakika ishirini na tano alizunguka baina ya mioto miwili, jasho likimwingia machoni asipate mkono wa kulifutia, na mara mbili alijisahau akasema, "Mwanatatu, geuza," na hakuna aliyegeuza. Kaimati tatu zilitoka nyeupe ubavuni. Alizificha chini ya nyingine, Bi Kaviha akaziona, akaziandika.

Alimaliza zikiwa zimesalia dakika nne. Aliketi juu ya mbuzi yake, na alijivuna. Siwezi kumsingizia unyenyekevu ambao hakuwa nao. Alijivuna mno.

Langoni Mwanatatu akamdaka, akataka kutajiwa vyakula vyote vitatu. "Wasemaje juu ya kaimati?"

"Tatu nyeupe."

"Ungeniita," Mwanatatu akasema, akicheka, akajitwika ile mbuzi. Mpaka wanafika Magogoni Kulthum alikuwa akitazama nje ya dirisha la matatu, na habari ya rula hakuitaja.

Baada ya wiki tatu majibu yalikuja kwenye simu. Amefaulu. Mwalimu Gershom alikula sahani mbili za biriani akidai ushindi nusu ni wake, na hakuna aliyembishia. Karatasi yenyewe ilipotoka, Jumatatu asubuhi, saa tatu, Kulthum alivaa buibui lake jipya akaipeleka karatasi kwa Bi Hanan, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Bi Hanan alisimama kumpa mkono. Jina lingebandikwa mlangoni wiki hiyohiyo. Kisha akaketi, akafungua barua iliyotangulia kuja kutoka chuoni, akasema kwamba ripoti ya mtahini imewafurahisha sana wajumbe wa bodi. Ilieleza kwamba mtahiniwa huyu aliendesha kazi mbili ngumu kwa wakati mmoja bila msaada wa mtu.

"Nasi tulikuwa tukitafuta pa kupunguza," akasema. "Bodi imeonelea mtu mmoja aondoke jikoni. Mwanatatu hana karatasi, na wewe umeshaonyesha kwamba peke yako watosha. Ataondoka mwisho wa mwezi. Niandikie mpango wa kazi wa muhula, kwa Kiingereza, niupeleke Ijumaa."

Kwanza Kulthum aliwakasirikia wajumbe, watu waliokula pilau yake kila sikukuu ya shule wakaramba vidole. Halafu hasira ikageuka ikamrudia mwenyewe. Bodi haikumkata Mwanatatu. Rula ilikuwa mkononi mwake yeye, mara saba, na aliona haya kama mtu aliyekutwa na kitu cha jirani.

"Nipe karatasi na kalamu, Bi Hanan," akasema. "Ijumaa ni mbali."

Akaandika palepale, kwenye ukingo wa meza, bila mwalimu wala ubao. Alianza na moto wa alfajiri akaendelea hadi maharagwe ya jioni. Wakati mimi ninapima mchele, Mwanatatu anachagua maharagwe. Maziwa yanapochemka, Mwanatatu anayaepua huku mimi ninagawa mkate. Huku nyuma, Mwanatatu. Huku nyuma, Mwanatatu. Kiingereza kilimtoka bila kusuasua, kwa sababu safari hii hakuwa akitunga kitu, alikuwa akisema yaliyopo. Bi Hanan alifanya kazi zake nyingine, mara moja moja akimtupia jicho.

Alipopewa kurasa akasoma, na uso wake ukabadilika.

"Bi Kulthum, umemwandika mtu anayeondoka."

"Nimeandika kazi ilivyo."

"Lakini ripoti yasema—"

"Ripoti yasema kweli. Nilifanya. Ilikuwa saa tatu za siku moja, watu kumi, na kaimati tatu nyeupe. Hapa ni wasichana mia nne, mara tatu kwa siku, muhula mzima. Mtu akifukuzwa na mbwa hukimbia, Bi Hanan, mpaka mwenyewe akajistaajabia. Lakini humwambii kwamba tangu leo aende sokoni kwa mbio zilezile."

"Bodi itaniuliza mimi."

"Uniite, nitawajibu. Na Kiingereza chake ndicho hicho." Kulthum aliichukua karatasi yake ya ufundi akaiweka juu ya mpango. Ilimuuma kuiachia, vidole vilikawia juu yake. "Hii nimeihangaikia miaka miwili, na naitaka, sikufichi. Lakini jina la Mwanatatu likikatwa hapo, zikae zote mbili, mimi sina haja nazo. Nilishalikata mara moja. Mara ya pili mkono hautaki."

Bi Hanan hakuelewa maneno ya mwisho, na Kulthum hakumfafanulia. Aliketi tu, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kulala. Kengele ya saa nne ikalia.

Bi Hanan akashtuka akatazama saa. "Na uji wa watoto? Wewe uko hapa tangu saa tatu."

Kulthum aligeuza uso dirishani, na mwalimu mkuu naye akageuka. Uani wasichana walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao, foleni inatembea, na uji unafuka moshi. Nyuma ya sufuria alikuwa Mwanatatu na upawa, anagawa, na kwa mkono mwingine anamsukuma msichana mmoja aliyetaka kujipenyeza mbele.

Bi Hanan alitazama foleni mpaka ikafika nusu. Kisha akaiondoa karatasi ya ufundi juu ya mpango, akamrudishia mwenyewe, akatia sahihi kwenye kila ukurasa wa mpango.

Kulthum alipofika jikoni sufuria ya uji ilikuwa imeshaoshwa.

"Ulikuwa wapi saa nzima yote?" Mwanatatu akauliza. "Miye hapa nimekufa kwa kazi."

"Nilikuwa naandika."

"Kiingereza tena? Kwani mtihani haukwisha?"

"Leo ndio umekwisha," Kulthum akasema, akafunga kanga kiunoni, akamvutia mwenzake gunia la mchele.